Namna ya Kukadiria Jukwaa la Baharini Litakavyostahimili Kugongwa na Meli

Ziwa Tanganyika halina jukwaa la mafuta, na mtu wa Kigoma anayetaka kuliona jukwaa la baharini kwa macho yake itambidi asafiri mbali. Hata hivyo, somo la meli kugongana na muundo uliosimama majini tunalo mlangoni. Ukisimama Kibirizi, ufuko wa boti hapa Kigoma, jioni boti za mizigo zinapoingia, utamwona nahodha akizima injini angali mbali na ufuko, na boti ikazidi kuja yenyewe, kimya, kana kwamba injini haijazimwa. Watoto wa pale wanajua kwamba huo si wakati wa kuweka mguu kati ya boti na boti. Wanachokijua bila hesabu ndicho tutakachokihesabu hapa, isipokuwa badala ya boti tutaweka meli ya tani 5,000, na badala ya mguu wa mtu tutaweka mguu wa chuma uliopigiliwa katika sakafu ya bahari.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa chuma wanaomudu hesabu za sekondari. Nimeuandika kwa sababu swali ninaloulizwa na vijana kila mara ni lile lile: jukwaa lina nguvu kiasi gani hata lisianguke likigongwa? Kwa maoni yangu swali hilo limeanzia pasipofaa. Meli inayokuja haileti kani iliyokwisha kupimwa, bali huleta nishati, na nishati hiyo ni lazima iishie mahali fulani. Kazi ya mhandisi ni kuifuata nishati hatua kwa hatua mpaka ajue imekwenda wapi, na imeacha nini nyuma yake.

Anza na nishati ya meli

Chukua tungamo la meli pamoja na shehena yake, lizidishe kwa mraba wa kasi, kisha gawanya kwa mbili. Hapo umepata nishati mwendo ya chuma na mzigo, lakini bado hujapata nishati yote, kwa maana meli haisogei peke yake. Maji yaliyoizunguka husogea pamoja nayo, na meli inaposimama ghafla, maji hayo huendelea kuisukuma. Ndiyo maana wahandisi huongeza tungamo la maji: asilimia 10 ya tungamo la meli ikiwa inagonga kwa omo (mbele) au kwa tezi (nyuma), na asilimia 40 ikiwa inagonga kwa ubavu, kwa kuwa ubavu huburuta maji mengi zaidi.

Kwa miaka mingi viwango vya Norway vilitumia meli ya huduma ya tani 5,000 inayopeperuka kwa mita 2 kwa sekunde, mwendo unaokaribia noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa). Fanya hesabu mwenyewe: kwa ubavu utapata megajouli 14, na kwa omo megajouli 11. Kwa wasomaji waliozoea Reli ya Kati, megajouli 14 ni sawa na treni ya mizigo ya tani 1,000 inayoingia kituoni kwa kilometa 19 kwa saa bila breki. Mwendo huo si wa kutisha ukiutazama kwa macho, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Sasa linganisha na ushauri wa Marekani kwa majukwaa ya Ghuba ya Meksiko, ambao ulichukua meli ya tani 1,000 kwa nusu mita kwa sekunde. Kwa ubavu hiyo ni megajouli 0.175 tu, yaani sehemu moja kati ya 80 ya ile ya Norway. Tofauti hiyo haina maana kwamba upande mmoja ulikosea. Meli zinazohudumia majukwaa ya maji mafupi na bahari tulivu ni ndogo, ilhali Bahari ya Kaskazini ina mawimbi makubwa na meli kubwa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kikokotozi, uliza ni meli zipi hasa zitakazolikaribia jukwaa lako, na zitalikaribia kwa mwendo gani. Meli za huduma zimezidi kukua. Ukichukua meli ya tani 10,000 inayokuja kwa omo kwa mita 3 kwa sekunde, utapata karibu megajouli 50, na utaona kwamba kasi, kwa kuwa inazidishwa kwa yenyewe, imechangia zaidi kuliko uzito.

Mwendo wa kupeperuka si mwendo pekee wa kuwazia. Tarehe 8 Juni 2009 meli iitwayo Big Orange XVIII iliingia katika eneo la mafuta la Ekofisk, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, usukani wake wa kujiendesha ukiwa haujazimwa, ikagonga kwa omo jukwaa la kusukumia maji ardhini, Ekofisk 2/4-W, kwa takriban noti 9. Omo ya meli ilikunjamana vibaya na jukwaa likaharibika, lakini halikuanguka, wala hakuna aliyekufa. Nishati ya ajali ile ilizidi mara kadhaa zile megajouli 11 za kanuni ya zamani. Funzo la kihesabu ni kwamba thamani iliyomo katika kanuni ni ya mgongano unaotarajiwa, na anayetaka kujua mwisho wa uwezo wa jukwaa lake hana budi kuisukuma hesabu mbele zaidi ya hapo.

Amua nani atakayebonyea

Nishati ikishajulikana, inagawanywa kati ya meli na jukwaa. Katika kila nukta ya mgongano kani inayoisukuma meli ni sawa na kani inayolisukuma jukwaa, hivyo aliye dhaifu zaidi katika nukta hiyo ndiye anayebonyea. Ubavu wa meli wenye bamba jembamba kati ya mbavu mbili hubonyea mapema. Pua ya chini ya omo, iliyojaa mbavu na vyumba vidogo vidogo, ni ngumu, na mara nyingi ndiyo inayolibonyeza bomba la jukwaa.

Kuna njia tatu za kusanifu. Ya kwanza ni kulifanya jukwaa kuwa gumu kiasi kwamba meli ndiyo inayomeza karibu nishati yote. Ya pili ni kuliachia jukwaa lilegee na kumeza sehemu kubwa. Ya tatu ni kuruhusu pande zote mbili zibonyee na kugawana. Hii ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na ndiyo ngumu kuliko zote kuihesabu, kwa sababu umbo la mmoja linapobadilika, hubadilisha mahali ambapo mwenzake anasukumwa. Kwa hesabu ya mkono ninashauri uanze na ile ya pili, kisha uirekebishe.

Ili upate hisia ya ukubwa wa kani, gawanya nishati kwa umbali. Ikiwa megajouli 14 zinamalizwa katika mita 2 za kubonyea, pande zote mbili zikijumlishwa, kani ya wastani ni meganyutoni 7, ambayo ni kama uzito wa tani 700. Ukiruhusu mita 1 tu, kani inakuwa maradufu. Matairi ya lori yanayoning'inizwa kwenye magati yetu hufanya kazi hiyo hiyo kwa kipimo kidogo: hayapunguzi nishati hata jouli moja, yanaongeza umbali.

Bomba lenyewe

Jukwaa la kawaida la maji ya kina cha wastani husimama juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma: miguu minene minne au minane, na mabomba membamba ya mshazari na ya mlalo yanayoiunganisha. Meli inaweza kulipata lolote kati ya hayo katika ukanda wa mgongano, ambao viwango vya Norway huupima kuanzia mita 10 chini ya maji yaliyokupwa kabisa hadi mita 13 juu ya maji yaliyojaa kabisa. Waliomwona Tanganyika akipanda na kuingia katika maeneo ya bandari mwaka 2020 na 2021 hawatauliza kwa nini ukanda huo hupimwa kutoka maji ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa, badala ya kutoka uso wa maji wa siku moja.

Hapa nakuomba uende kwa fundi wa kuchomelea. Mimi hupenda kwenda Mwanga, hapa Kigoma, kwa kuwa karakana ziko barabarani na kila kitu kinaonekana. Mwombe akate bomba jembamba la urefu wa mita moja na nusu, aliweke juu ya vipande viwili vya reli, kisha alipige katikati kwa nyundo nzito. Pigo la kwanza halilikunji bomba. Linaliacha na shimo la kina kifupi, ukuta wa juu ukiwa umeingia ndani na kingo za shimo zikiwa zimetanuka kidogo ubavuni. Pigo la pili linaongeza shimo. Ni pigo la tatu au la nne ndipo bomba linapokunjika, nalo hukunjika pale pale kwenye shimo, wala si mahali pengine. Jukwaa hufuata mpangilio huo huo: kwanza mbonyeo, kisha kukunjika kama boriti, na mwisho kuvutika kama kamba.

Ugumu wa bomba dhidi ya mbonyeo hutegemea kikomo cha kulegea cha chuma (mkazo ambao chuma kikiupita hakirudi tena katika umbo lake), unene wa ukuta ukipandishwa kwa kipeo cha moja na nusu, na kipeuo cha pili cha kipenyo. Maana yake kwa mfanya maamuzi ni kubwa. Ukiongeza unene maradufu, ugumu wa kubonyea unakaribia kuwa mara 2.8, ukiongeza kipenyo maradufu bila kugusa unene, unapata mara 1.4 tu. Mwenye chuma kidogo cha kuongeza na akiongeze katika unene wa miguu ndani ya ukanda wa mgongano. Wengine huijaza miguu zege la kimiminika ili ukuta usiingie ndani, na hiyo ni njia nzuri mradi uzito wa ziada umehesabiwa.

Mbonyeo una madhara kupita unavyoonekana. Kwa makadirio ya tahadhari, yanayohesabu kwamba sehemu iliyobapa haifanyi kazi tena, mbonyeo wenye kina cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo hubakiza asilimia 65 ya uwezo wa bomba kuhimili kukunjwa mahali pale. Ukifika sehemu moja ya tano, inabaki nusu. Hilo ndilo lililotokea kwa nyundo ya fundi wetu wa Mwanga.

Sasa tuchukue bomba la mshazari lenye kipenyo cha mita 0.8, unene wa milimita 20, urefu wa mita 15 kati ya viungo, na chuma kinacholegea kwa megapaskali 355. Uwezo wake wa kuhimili kukunjwa, chuma chote kikiwa kimelegea, ni mraba wa kipenyo mara unene mara kikomo cha kulegea, yaani meganyutoni-mita 4.5 hivi. Likigongwa katikati, na ncha zake zikiwa zimeshikwa imara, litafanya bawaba tatu, yaani mahali ambapo chuma kimelegea na bomba linakunjika kama mlango kwenye bawaba: moja katikati na moja kila mwisho. Kani inayohitajika ni mara nane ya uwezo huo ikigawanywa kwa urefu, ambayo ni meganyutoni 2.4. Ukiuondoa nusu ya uwezo wa bawaba ya kati kwa ajili ya mbonyeo, kani hiyo inashuka hadi meganyutoni 1.8.

Lakini bomba halikomi hapo. Linapoendelea kusukumwa, ncha zake hulizuia lisijikaze kuelekea katikati, na hivyo linaanza kuvutika. Bomba lisilo na mbonyeo likisogea umbali ulio sawa na kipenyo chake, upinzani umeshapanda kwa zaidi ya nusu, na kuanzia hapo huzidi kupanda sambamba na umbali. Kwa bomba letu, nishati iliyomezwa hadi mita 0.8 ni karibu megajouli 2.3, hadi mita 1.2 ni megajouli 4.2, na kani wakati huo imefika meganyutoni 5.7. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi ya zile megajouli 14. Sehemu iliyobaki ni lazima ichukuliwe na ubavu wa meli na mtikisiko wa jukwaa zima, ama sivyo bomba litakatika na meli itaendelea na safari yake mpaka itakapokutana na kitu kingine.

Viungo, mahali ambapo hesabu nzuri huharibikia

Hesabu ya kuvutika inapendeza mno, na kwa hiyo naionea shaka. Bomba letu haliwezi kuvutika kwa nguvu yake yote bila kila mwisho kushikwa kwa meganyutoni 17.8. Mguu ambao bomba limechomelewa unaweza kuwa na ukuta mwembamba, ukachomolewa kama kifuniko cha kopo kabla bomba halijafika mita 1.2. Hata mguu ukiwa mnene, kiungo chote husogea ndani kidogo, na kusogea kwa sentimita chache tu huchelewesha sana mvutano, kwa kuwa bomba la mita 15 likisukumwa mita 1.2 katikati halirefuki hata sentimita 20.

Hivyo basi, baada ya kupata kani ya bomba, irudishe kwenye kiungo na uulize maswali mawili. Je, ukuta wa mguu unahimili kutobolewa au kung'olewa kwa kani hiyo? Na je, mshono wa kuchomelea una nguvu kuliko bomba lenyewe? Jibu la swali lolote kati ya hayo likiwa ni hapana, usihesabu mvutano wote. Chukua ule tu ambao kiungo kinauweza. Nimeona hesabu za wanafunzi ambazo bomba lilimeza megajouli 14 peke yake kwenye karatasi, kwa sababu tu mwandishi alisahau kwamba bomba lina mwisho.

Pima pia kurefuka kwa chuma. Wastani wa kurefuka kwa bomba letu katika mita 1.2 ni asilimia 1.3, ambao unaonekana mdogo, lakini haugawanyiki sawasawa. Hujikusanya kwenye bawaba, na huko ndiko nyufa zinakoanzia.

Jukwaa zima

Mgongano wa namna hii huchukua sekunde moja au mbili. Kwa kuwa majukwaa mengi ya kina cha wastani huyumba kwa mzunguko unaokaribia huo au mfupi zaidi, hesabu ya kani inayopandishwa polepole mara nyingi inatosha kwa makadirio ya kwanza. Lichukulie jukwaa kama springi: ukisukuma kwa meganyutoni 7, na jukwaa linahitaji meganyutoni 50 ili lisogee mita moja, litasogea sentimita 14 na kuhifadhi nusu megajouli. Ni kiasi kidogo, ila ni cha bure, kwa sababu hurudi chenyewe bila kuharibu kitu.

Swali zito katika hatua hii ni njia za kani. Kupoteza bomba moja la mshazari kunaruhusiwa ikiwa mabomba yamepangwa kwa umbo la X, kwa kuwa mwenzake hubaki akifanya kazi. Kupoteza mguu katika kiunzi chenye miguu mitatu hakuna suluhisho.

Jukwaa linaloelea hufuata hesabu nyingine kidogo, kwani likigongwa huondoka. Gawanya nishati yote kwa jumla ya moja na uwiano wa tungamo la meli kwa tungamo la jukwaa, yote pamoja na maji yake. Meli yetu ya tani 7,000 baada ya kuongezwa maji, ikigonga jukwaa la tani 40,000, itaacha megajouli 11.9 za kubonyeza chuma, na 2.1 zitabaki katika mwendo wa jukwaa na meli zikienda pamoja. Huko hatari kubwa ni tundu katika nguzo: chumba kikijaa maji, jukwaa huinama, na hesabu ya chuma inageuka kuwa hesabu ya uthabiti wa chombo.

Mabomba yanayobeba gesi

Hakuna hesabu yoyote kati ya hizi inayosaidia ikiwa meli imegonga kitu kisicho sehemu ya muundo. Tarehe 27 Julai 2005, katika pwani ya magharibi ya India, meli ya huduma Samudra Suraksha ililikaribia jukwaa la Mumbai High North ili kumshusha mtu aliyejeruhiwa. Ikasukumwa na bahari, na sehemu yake ya juu ikagonga mabomba ya kupandishia gesi yaliyokuwa nje ya kiunzi. Gesi ilivuja, moto ukawaka, na jukwaa likateketea kwa muda wa saa mbili hivi. Watu 22 walipoteza maisha. Huenda chuma cha kiunzi kingeweza kulimudu pigo lile. Kwa hiyo, chora ramani ya mabomba yote yenye mafuta au gesi juu ya mchoro wa ukanda wa mgongano, na lolote lililo upande ambao meli hukaribia lihamishiwe ndani ya kiunzi, ama liwekewe kinga iliyohesabiwa kwa nishati ile ile uliyoipata katika hatua ya kwanza. Kinga isiyohesabiwa ni mapambo.

Baada ya pigo

Jukwaa lililogongwa likabaki limesimama bado halijafaulu mtihani. Viwango vya Norway huutaka muundo uliojeruhiwa, ukiwa na mbonyeo wake na bila bomba lililokatika, uhimili dhoruba ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 100, japo bila nyongeza za usalama za kawaida. Ule ushauri wa Marekani ulitosheka na hali ya hewa ya mwaka mmoja, kwa hoja kwamba watu watahamishwa na ukarabati utafanyika mapema. Chagua kanuni yako ukijua ukarabati utachukua muda gani mahali ulipo.

Mkaguzi atakayeshushwa kwenye bomba lililogongwa aende na rula ndefu iliyonyooka na uzi. Rula iwekwe juu ya mbonyeo kwa urefu wa bomba, na kina kipimwe katikati. Uzi uvutwe kutoka kiungo hadi kiungo, na umbali kati yake na bomba uandikwe kila baada ya mita moja. Namba hizo mbili, kina cha mbonyeo na upindo wa bomba, ndizo zitakazoingizwa katika hesabu ya uwezo uliobaki. Kisha asafishe rangi na kombe kwenye mishono ya ncha zote mbili, hata kama pigo lilikuwa katikati, na aipime kwa unga wa sumaku kutafuta nyufa kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kurudisha mzigo kwenye sitaha.